Mboga Limeni, Mti Msipande

Wiki iliyopita niliwaacha jikoni, mwiko mkononi, Shadia akinivuta kanga na kuniambia niache kila kitu, kuna jambo la kwenda kuonyeshwa shambani kwetu.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, naitwa Editha. Shule niliishia darasa la saba. Kwetu ni juu mlimani, Uluguru, ukishuka kwa mguu unatokea Morogoro mjini. Baba alifariki, tukabaki mimi na mama na mboga zetu.

Wanafunzi wa chuo kimoja cha Dar walikuja kijijini kwetu wiki nzima kujitolea. Gari lao lilipasuka tairi Mikese, wakafika wamepauka vumbi, lakini kesho yake walikuwa wanapaka rangi zahanati huku wanaimba. Baada ya hapo wakapanda miti kuzunguka shule. Walilala hosteli ya parokia, na mimi nilichukuliwa kuwapikia. Shadia ni mmoja wao.

Kuna jambo sikuwahi kuwasimulia, kwa sababu kwetu halisemwi, linajulikana tu. Leo lazima niliseme.

Kwa Waluguru mtoto ni wa mama. Ukoo wangu, tunaouita lukolo, ni ule wa mama, na mashamba yake yako mbali, upande wa Matombo, yalishagawanywa yakaisha. Shamba tunalolima ni la ukoo wa baba. Siku aliyokufa baba, mimi na mama tulikuwa wageni juu ya udongo ule ule tuliokuwa tukiulima jana yake.

Aliyetuonea huruma ni shangazi Magdalena, dada yake baba. Siku ya kuanua matanga alisimama mbele ya watu akasema, "Wifi yangu na mwanawe wakae. Mboga limeni. Mti msipande."

Kabichi ukiivuna imekwisha. Mti unabaki. Kwetu aliyepanda mti ndiye mwenye mahali, na wajukuu zake watauonyeshea kidole wakisema hapa ni petu. Mtu aliyepewa shamba la kulima tu, akipanda mti, hata mmoja, ametangaza kwamba amelichukua.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijua mimi, nikipanda kilima nyuma ya Shadia.

"Dada Edi, funga macho," aliniambia tulipofika kwenye migomba.

"Nitaanguka."

"Nimekushika, bwana. Hebu niamini."

Nikafumba. Nikasikia wenzake wanacheka chini chini. Nasibu, kijana aliyekuwa kiongozi wa msafara wao, akasema, "Haya, afungue."

Nikafungua.

Shamba letu lote, toka kwenye migomba mpaka karibu na kaburi la baba, lilikuwa limepandwa miche ya parachichi. Kila mche una kijiti, na kila kijiti kimefungwa kipande cha boksi chenye jina la aliyeupanda.

Wakapiga makofi.

"Ilibaki kule shuleni," Nasibu alinieleza, uso unang'aa. "Tukasema huyu dada anaamka kabla yetu, analala baada yetu, tunaondokaje hivi hivi? Miaka michache tu mbele unashusha parachichi mjini, unatukumbuka."

Nilitaka kusema asante.

"Kafurahi mpaka kakosa maneno," msichana mmoja akasema.

"Anataka kulia huyo. Umempata kwenye picha?"

"Nimempata tangu anafungua macho."

Nikauliza, "Nani aliwaleta huku?"

"Si binamu yako, Raphael," Nasibu akajibu. "Tena mtu poa sana. Katusaidia mpaka kubeba."



Raphael ni mtoto pekee wa shangazi Magdalena. Yuko Kihonda, anafyatua matofali, na hapandi huku mlimani ila kuna kitu anakitafuta. Ukoo wa mama yake ndio wenye shamba, kwa hiyo naye ni mwenye shamba. Nilishawaeleza huko nyuma jinsi nilivyomkuta na wanaume wawili wakipima ardhi yetu kwa hatua, akaniambia ni rafiki zake wanaolima stroberi, wamekuja kutazama mandhari.

"Ng'oeni," nikasema.

Wakacheka.

"Nawaomba. Ng'oeni yote sasa hivi, kabla shangazi hajashuka."

Kicheko kikaisha kidogo kidogo, kama watu wanaozima redio wakidhani bado kuna wimbo. Nasibu akanitazama kama niliyemtemea mate.

"Dada Edi, tumekukosea nini? Huu si mti tu?"

"Kwenu ni mti tu."

Nikawaeleza. Sikuwahi kumweleza mtu jambo hili kwa mdomo wangu, na nilipokuwa nikilisema nilijisikia navuliwa nguo. Kwamba shamba si letu. Kwamba kila mavuno tunapeleka kwa shangazi kuku na maharage, ngoto tunaiita, ili mwaka mwingine turuhusiwe tena. Kwamba wametupandia fitina kuanzia kwenye migomba mpaka kwa baba.

"Kumbe tumepindua serikali," kijana mmoja akatania.

Shadia ndiye aliyepiga magoti wa kwanza. Akaushika mche wenye jina lake, akavuta. Ukatoka mzima mzima, kiriba chake cha plastiki kikiwa bado kimekumbatia udongo. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Miche ambayo haijavuliwa viriba haijashika ardhi, hiyo ni kama kikombe umekiweka mezani. Unakiondoa tu.

Wote wakainama. Tulifanya kazi bila maneno, wao wanang'oa, mimi nafukia mashimo kwa mguu na kusawazisha kwa mkono. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa la kanisa, na nilikuwa nikigeuka kila mara kutazama njia ya juu.

Nilipogeuka tena nilimwona Raphael. Ameegemea mgomba, simu mkononi, sijui amekuwa pale kwa muda gani.

"Mbona mnajichosha?" akawauliza. "Asubuhi mnapanda, mchana mnang'oa. Ndiyo mnayofundishwa chuoni?"

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini?"

"Maneno ya shangazi. Matangani ulikuwepo, ulikaa karibu na mimi."

"Mimi nimeulizwa njia, nikaonyesha njia."

"Ungewaambia."

"Na wewe ungewaambia." Akatabasamu. "Wamekula mkononi mwako wiki nzima, mmepiga stori mpaka za kusuka nywele. Kila siku unasema shambani kwetu, shambani kwetu. Sasa wao wangejuaje?"

Lilinichoma kwa kuwa ni kweli.

Akanigeuzia simu. Ni mimi, macho ndiyo kwanza nafungua, miche imejipanga nyuma yangu. Chini ya picha mmoja wa wanafunzi ameandika, *Shamba la Dada Editha, bustani mpya ya parachichi.*

"Wamenitumia, nikaiweka kwenye status," Raphael akasema. "Mama kaiona. Yuko njiani."

"Kaka, futa," Shadia akamwambia.

"Nifute kitu kizuri hivi?"

Sikupoteza muda kubishana naye. Nikarudi kwenye mashimo, nikafukia mbio mbio mpaka kucha zikajaa udongo. Mwisho nikafika kwenye kaburi la baba.

Kichwani mwa kaburi kulikuwa na mche mmoja.

Huu haukuwa na kijiti wala jina. Chini yake pametandikwa majani makavu ya mgomba, na upande wa jua umekingwa kwa matawi ya majani pori, kama mtoto aliyefunikwa kanga. Nikaupapasa. Haukutikisika.

Nikatazama huku na huku. Chini ya jiwe nikaona ncha ya plastiki nyeusi. Nikaivuta. Kilikuwa kiriba, kimekunjwa mara mbili, kikakunjwa tena, kikabanwa kisipeperuke.

Ninamjua mtu mmoja tu anayekunja viriba hivyo, huvitunza kwa miche yake ya nyanya.

"Shadia," nikaita. "Huu ni wa nani?"

Akaja, akautazama, kisha akatazama pembeni.

"Alituambia tusikwambie."

"Nani?"

"Mama yako. Juzi alikuja hosteli wewe ukiwa kisimani. Akaomba ile miche iliyobaki. Akasema tupande yote huku, iwe sapraizi yako. Huu mmoja akasema tumwachie, ataupanda mwenyewe alfajiri kabla hajashuka sokoni."

"Na Raphael?"

"Mama yako ndiye aliyemtuma atulete huku. Tulimsikia akimpigia simu. Akamwambia, 'Raphael, baba, wapeleke wageni shambani.'"

Nikakaa chini.

Mama yangu hakupitiwa. Hakusahau. Na wala hakujificha, maana angetaka kujificha asingemtuma mtu pekee katika ukoo mzima ambaye hawezi kunyamaza. Alitaka ijulikane, na akawatumia watoto wa watu kuanza ugomvi ambao sisi wawili hatuna nguvu ya kuumaliza.

Nikaushika mche. Nikasema nivute haraka, mengine nitamwuliza mama jioni. Lakini chini pale ni baba, na mkono ulikataa.

Ndipo nikasikia kikohozi. Shangazi Magdalena haingii mahali bila kukohoa kwanza.

Nikakusanya majani ya mgomba, nikaufunika mche wote, nikasimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hamjambo wageni?"

"Shikamoo, mama," wakaitikia kwa pamoja, mikono imejaa udongo.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitembea taratibu katikati ya shamba, fimbo yake ikigusa udongo laini pale palipokuwa na mashimo. Akafika kwenye rundo la miche iliyong'olewa, akasimama.

"Zahanati nimeiona," akasema. "Imependeza. Mungu awabariki. Nani mkubwa wenu?"

Nasibu akasogea. "Ni mimi, mama."

"Kwenu wapi?"

"Temeke."

"Siku moja nikija Temeke, nikaingia uani kwenu mama yako hayupo, nikawajengea choo cha kujitolea, atafurahi?"

Nasibu akainamisha kichwa. "Hapana, mama."

"Choo kizuri lakini. Cha vigae."

"Hapana, mama. Tusamehe. Hatukujua."

"Najua hamkujua." Kisha akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa ya baba kabisa. "Mama yako alijua?"

Mnaonisoma toka mwanzo mnajua sina mengi ya kujivunia. Nina moja. Pale kijijini watu wakibishana huniita mimi niseme nilichoona, kwa sababu nasema nilichoona.

"Hakujua, shangazi."

Shadia alikuwa karibu yangu. Nilisikia pumzi yake inakatika.

Shangazi akanitazama. Kisha akaupeleka uzito wake kwenye fimbo, kama aliyetua mzigo.

"Basi yameisha. Wageni wamekosea, wameng'oa, wamefukia. Mtu mzima anataka nini tena? Raphael."

"Naam, mama."

"Futa hiyo picha yako."

Raphael alibadilika uso. "Lakini mama, watu wa ukoo wameshaanza kuuliza. Mjomba Laurenti amesema..."

"Nimesema futa. Laurenti nitamjibu mimi."

Akafuta. Wanafunzi wakaanza kupumua, mmoja akacheka kwa woga, mwingine akaanza kuokota vile vipande vya boksi. Nilijiona kama mtu aliyevuka barabara huku lori limempitia mgongoni. Nilikuwa tayari nawaza ugali na maharage niliyoyaacha jikoni.

"Haya," shangazi akasema. "Nimsalimie kaka yangu nirudi."

Nikamfuata. "Shangazi, twende kwanza ukanywe chai hosteli. Umetembea sana."

"Chai haikimbii."

"Basi kaa hapa nikuletee kigoda."

"Editha, una nini wewe leo? Niache nimwone kaka yangu."

Akafika kaburini. Akafanya ishara ya msalaba, midomo ikacheza. Nilisimama mbele ya yale majani, nikaitandaza kanga kama naipanga kiunoni. Akamaliza kusali, akanisogeza kwa upande wa mkono, akainama kuondoa takataka kichwani mwa kaburi, kama ambavyo dada yeyote angefanya.

Akaondoa jani moja, na la pili, na alipoinua la tatu mkono wake ulisimama hewani.



"Editha."

"Abee, shangazi."

"Na huu nao wageni walikosea?"

Nilikuwa natafuta jibu, sijui hata lingekuwa jibu gani, nilipoisikia sauti ya mama toka kwenye migomba.

"Huo nimeupanda mimi, wifi."

Alikuwa amerudi kutoka sokoni, tenga tupu kichwani. Akalitua taratibu. Akaipanguza mikono kwenye kanga na kuja mpaka kaburini, akasimama upande wa pili, kaburi likawa katikati yao.

"Shikamoo," akamwambia shangazi.

Shangazi hakuitikia salamu. "Nilikunyima nini, Mama Editha?"

"Hukuninyima kitu."

"Nilikufukuza?"

"Hukunifukuza, wifi. Kila mwaka nakuletea kuku na maharage, unapokea vizuri, unaniambia haya, tutaonana mwaka kesho. Ndiyo maisha yangu hayo. Mwaka kesho." Sauti yake haikupanda. "Wewe ukiwepo, nakaa. Ukifumba macho, huyu mwanao atatuacha hapa siku ngapi? Ameshaleta watu wa stroberi. Wamepima kwa hatua mpaka hapa miguuni kwa mume wangu."

Shangazi akamgeukia Raphael polepole. "Watu gani?"

Raphael alikuwa anatazama simu yake iliyokuwa imezimika kioo.

"Raphael, nakuuliza wewe. Watu gani?"

"Walikuja kutazama tu, mama."

Kumbe hakujua. Muda wote huu nilidhani shangazi anajua na ananyamaza. Kwa kitambo nikaona kama mambo yatageuka, kama hasira yake itamwangukia anayestahili. Hata mama nilimwona analegea mabega.

Lakini shangazi akaupandisha mkono.

"Hilo nitalimaliza na mwanangu. Mti ni mti. Ungekuja kwangu ukaniambia, wifi, naogopa. Hukuja. Umeenda kwa watoto wa Dar."

"Ningekuja ungenipa?"

Shangazi akakaa kwenye ukingo wa kaburi. Ghafla alionekana mzee.

"Nikiwaita wajomba," akasema, "watakuja leo hii. Hawa wageni hawataondoka, watawekwa mashahidi, wataulizwa nani aliwaomba miche. Na huyu binti atasimamishwa mbele ya ukoo aulizwe kwa nini alinidanganya. Sitaki. Huyu ni damu ya kaka yangu, hata kama si wa ukoo wangu. Kwa hiyo nasema mara moja, hapa hapa." Akaninyoshea fimbo. "Editha aung'oe. Kwa mkono wake. Akiung'oa, mnakaa, na Raphael hatamleta mtu hapa mimi ningali hai. Asipoung'oa, kesho mnarudisha shamba."

"Mama, samahani," Nasibu akasema, akisogea. "Niung'oe mimi. Sisi ndio tulioileta."

"Kaa pembeni, mwanangu. Wewe umeshajitolea vya kutosha."

Nikamtazama mama. Nilitaka anipe hata ishara ya jicho. Tangu nikiwa mtoto tumekuwa tukiongea kwa macho, tukiwa sokoni, tukiwa kanisani, mbele ya watu wenye shida zao na sisi.

Hakunipa jicho. Alikuwa anautazama ule mche.

"Ungekuwa wewe ndiye uliyemzika," akaniambia, "ungejua. Nilitaka kitu kimoja tu hapa ambacho sikuazimwa."

"Mama, tutakwenda wapi?"

"Nimeshasema, nimeupanda mimi. Wewe una mikono yako." Kisha, kwa sauti ile ile ya kuniagiza chumvi, "Ila ukiung'oa, Editha, mimi naondoka leo kurudi kwetu Matombo. Utabaki hapa na shangazi yako, mlime mboga."

"Matombo hakuna shamba, mama."

"Sitakuwa mgeni, lakini."

Shadia alikuwa anafuta machozi kwa kiganja chenye udongo. Shangazi alikuwa ananisubiri, fimbo magotini. Raphael alikuwa amekunja mikono, na safari hii hakutabasamu.

Nikapiga magoti. Nikaushika mche pale chini kabisa unapotokea ardhini, nikavuta. Haukuja. Mama alikuwa ameuvua kiriba, akachimba shimo refu, akaukandamiza kwa kisigino. Kuutoa ilikuwa lazima nichimbe kwa vidole pande zote mbili, pale pale kichwani kwa baba.

Nikaingiza vidole udongoni.

Nyuma yangu nikasikia mama anajitwika tenga.